Kilomita 370 za Amsterdam na London zinavyokula bei ya maua

UKITAZAMA ratiba ya ndege kati ya Amsterdam na London kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani mchapaji amekosea. Ndege inaondoka Amsterdam saa 3:00 asubuhi na kuandikwa kuwa itafika London saa 3:20 asubuhi hiyo hiyo. Ukigeuza safari, ndege inayotoka London saa 3:00 asubuhi inafika Amsterdam saa 5:20. Kwenda dakika ishirini, kurudi saa mbili na dakika ishirini, na miji ni ile ile.

Hakuna kosa lolote. Saa za Uholanzi ziko mbele ya saa za Uingereza kwa saa moja, na ratiba huandika saa za mahali ndege inapotua. Safari yenyewe inachukua saa moja na dakika ishirini hivi kila upande.

Kwa abiria, jambo hilo linaishia hapo. Kwa mkulima wa maua wa Arusha au Naivasha, na kwa mfanyabiashara mdogo anayekusanya mazao ya wakulima kadhaa na kuyasafirisha, ndipo hesabu inapoanza. Siku moja huletewa bei mbili mezani, moja ya mnunuzi wa Uholanzi na nyingine ya mnunuzi wa London, na mara nyingi ya London huwa juu. Akitazama ramani anaona miji hiyo miwili imekaribiana kama pua na mdomo. Akitazama ratiba anaona saa moja na dakika chache. Basi anauliza swali ambalo wengi wameuliza kabla yake: mzigo ukishafika Amsterdam, kuusogeza hadi London kuna ugumu gani hata nikatwe fedha zote hizi?

Swali ni la haki, na jibu lake limefichwa ndani ya hizo kilomita.

Umbali upi unaozungumzwa?

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, hadi uwanja wa Heathrow, London, kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 370. Ni pungufu kidogo ya umbali ulionyooka kati ya Dar es Salaam na Dodoma. London ina viwanja vingine pia. Stansted, ulioko kaskazini mashariki mwa jiji na unaopokea ndege nyingi za mizigo, uko karibu zaidi na Uholanzi kwa kilomita kama 50, na uwanja mdogo wa London City nao uko karibu kuliko Heathrow.

Huo ni umbali wa ndege. Lori halina mbawa. Linatoka Amsterdam, linashuka kusini kupitia Ubelgiji hadi Calais katika pwani ya Ufaransa, linavuka bahari kwa handaki au kwa feri, kisha linapanda kutoka Folkestone au Dover hadi London. Jumla ni kama kilomita 540. Kwa hiyo tofauti ya kwanza kati ya ramani na ukweli ni kilomita 170.

Ukimuuliza mtu kwa nini ndege ya kilomita 370 ichukue saa moja na dakika ishirini, utagundua kwamba hata angani kilomita hazisemi kila kitu. Ndege ya abiria ikiwa imekolea mwendo hukimbia kilomita 800 kwa saa au zaidi. Kwa mwendo huo, kilomita 370 ni dakika 28. Dakika nyingine zaidi ya 50 zimekwenda wapi?

Nyingine zinaliwa ardhini. Schiphol ina njia sita za kurukia na kutua ndege. Mpya kuliko zote, inayoitwa Polderbaan, ilifunguliwa mwaka 2003 na kuwekwa mbali na majengo ya abiria ili kupunguza kelele kwa wakazi. Ndege inayopangiwa njia hiyo inaweza kutembea ardhini robo saa nzima, ikikata mashamba na kupita juu ya barabara kuu ya magari, kabla haijaruka. Abiria wageni huwa wanatania kwamba wanapelekwa London kwa barabara. (Kwa wanaopenda mambo ya ardhi, uwanja wote huo umejengwa mahali palipokuwa ziwa, lililokaushwa mwaka 1852, na uko mita kama tatu chini ya usawa wa bahari.)

Nyingine zinaliwa upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu, na kisheria haitakiwi kuzidisha safari 480,000 kwa mwaka, kutua na kuruka kwa pamoja. Inafanya kazi karibu na kikomo hicho, hivyo ndege zinazowasili mara nyingi huzungushwa angani zikisubiri zamu. Zinazotoka upande wa Uholanzi husubiri juu ya eneo la Lambourne, mkoa wa Essex. Juu ya hayo kuna upepo, ambao katika sehemu hiyo ya Ulaya mara nyingi huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ndege ya kwenda London inapigana nao na ya kurudi inasukumwa. Halafu mashirika ya ndege, yakijua yote hayo, huongeza dakika za akiba kwenye ratiba yasije yakahesabiwa kuwa yamechelewa.

Njia hii, kwa njia, ina historia. Ndiyo iliyofanya safari ya kwanza ya shirika la KLM, tarehe 17 Mei 1920, kutoka London hadi Schiphol. Ndege ilikuwa ya kukodi, na ndani yake mlikuwa na waandishi wa habari wawili na mzigo wa magazeti. Magazeti, kama maua, ni bidhaa isiyosubiri kesho.

Ua halipandi ndege hiyo

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Waridi lililoruka kilomita 6,650 kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa saa nane au zaidi, likiwa linakwenda London, mara nyingi halipandi ndege nyingine. Linapanda lori.

Linaweza hata kupanda lori lenye namba ya safari ya ndege. Mashirika ya ndege yana utaratibu wa miaka mingi ambapo lori hupewa herufi za shirika na namba, kama ndege. Hati ya mzigo iliyotolewa Nairobi inaendelea kutumika hadi London, na kwenye karatasi inaonekana kama mzigo umeunganishwa ndege Amsterdam. Mtu anayefuatilia mzigo wake kwenye kompyuta akaona muda wa kuondoka Amsterdam jioni na kufika London kesho yake asubuhi, asishangae ndege gani inachukua usiku kucha kuvuka kilomita 370. Hiyo ndege ina magurudumu kumi na kitu na dereva mmoja.

Sababu ni rahisi. Ndege zinazofanya safari fupi kati ya miji hii ni ndogo, za aina ya Boeing 737 na Embraer. Mizigo inawekwa chini ya sakafu ya abiria, katika nafasi ambayo mtu mzima hawezi kusimama wima, na katika ndege nyingi za aina hiyo hupakiwa kipande kwa kipande kwa mkono. Maua yanayotoka Nairobi kwa ndege kubwa yanakuja yakiwa yamepangwa juu ya sahani za bati zenye upana wa karibu mita mbili na nusu na urefu wa zaidi ya mita tatu. Sahani hiyo haipiti kwenye mlango wa ndege ndogo. Kuipakia ingebidi ifumuliwe, boksi moja moja, kwenye uwanja ambao jua la kiangazi au mvua ya baridi haviulizi ndani ya boksi kuna nini. Lori lenye ubaridi, lenye sakafu ya roli, linaichukua sahani nzima kama ilivyo.

Sababu ya pili ni gharama. Ndege hutumia mafuta mengi wakati wa kupanda juu, na hulipia kutua iwe imetoka mbali au karibu. Safari ikiwa fupi gharama hizo zinagawanywa kwa kilomita chache. Ndiyo maana kilomita moja ya ndege kati ya Amsterdam na London ni ghali kuliko kilomita moja kati ya Nairobi na Amsterdam.

Aidha, mashirika ya ndege hayatozi uzito peke yake. Kanuni ya kawaida ni kupima boksi kwa sentimita, kuzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha kugawa kwa 6,000. Jibu ni kilo, na utatozwa hizo au kilo za mizani, zozote zilizo nyingi zaidi. Boksi la sentimita 100 kwa 40 kwa 25 linatoa kilo 16.7. Kama maua yaliyomo yana uzito wa kilo 12, umelipia karibu kilo tano za hewa. Mkulima anayefungasha vizuri, bila kuponda maua, anaokoa fedha kabla hata lori halijatoka shambani.

Usiku mmoja barabarani

Tuhesabu safari ya lori. Ukiondoa kilomita 50 za handaki, zinabaki karibu kilomita 490 za barabara. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 70 hadi 75 kwa saa, ni saa saba au pungufu kidogo. Sheria za Ulaya zinamruhusu dereva kuendesha saa tisa kwa siku, na kumi mara mbili kwa wiki, lakini kila baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa hiyo dereva mmoja anaweza kuimaliza safari hii kwa zamu moja, ilimradi asikwame popote.

Kuvuka bahari kuna njia tatu kuu. Handaki la reli lililofunguliwa mwaka 1994, lenye urefu wa kilomita 50, ambapo lori hupakiwa juu ya treni na kufika upande wa pili kwa dakika 35. Feri ya Calais hadi Dover, inayochukua kama saa moja na nusu. Na feri ya kutoka Hoek van Holland, pwani ya Uholanzi yenyewe, hadi Harwich, ambayo inaweza kuchukua saa saba au usiku mzima. Hiyo ya mwisho ni ya polepole baharini lakini inampunguzia dereva Ubelgiji na Ufaransa, na analala wakati lori linasafiri.

Ongeza muda wa kupakia Schiphol au Aalsmeer, foleni ya kuingia kwenye handaki, ukaguzi wa hati, na kupakua. Utaona kuwa kilomita 370 ambazo ndege ingeruka kwa chini ya nusu saa zimekuwa saa 12 hadi 16 za ua. Likikosa nafasi jioni, linalala ghalani na kuondoka kesho yake. Siku imekwisha.

Siku hiyo ina uzito gani? Inategemea ubaridi. Waridi linatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 4. Ua lililokatwa bado linapumua, na kwa kila nyuzi 10 joto linapoongezeka, kupumua kwake huongezeka mara mbili hadi tatu. Saa 14 ndani ya lori lenye ubaridi mzuri ni hasara ndogo. Saa mbili kwenye sakafu ya ghala lenye nyuzi 20, wakati watu wanatafuta karatasi, zinaweza kulizeesha ua kuliko nusu ya safari. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapokosea wanapopigania dakika za ndege na kusahau kuuliza chumba cha ubaridi kiko wapi na mzigo utakaa nje yake kwa muda gani.

Mpaka uliorudi

Hadi mwisho wa mwaka 2020 mzigo uliokaguliwa na kulipiwa ushuru Uholanzi ulivuka kwenda Uingereza bila forodha nyingine, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa ndani ya soko moja. Tarehe 1 Januari 2021 hilo lilikwisha. Uingereza ilishatoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na muda wa mpito uliisha siku hiyo. Tangu hapo ua linaloingizwa rasmi Uholanzi na kuuzwa tena London linavuka mpaka wa forodha kwa mara ya pili, na ankara yake ina mistari mingine miwili mitatu ambayo haikuwepo.

Palikuwa na tatizo jingine. Maua yetu yanapokwenda Uingereza moja kwa moja yanapata msamaha wa ushuru kwa mikataba na taratibu za nchi husika. Yakipitia mnada wa Uholanzi kwanza, msamaha huo uliweza kupotea na ushuru wa asilimia 8 ukadaiwa. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Uingereza iliusimamisha ushuru huo kwa maua ya kukatwa, hata yakipita nchi ya tatu, kwa kipindi kilichopangwa kuishia tarehe 30 Juni 2026. Asilimia 8 kwenye biashara ya senti ni kitu kikubwa, na anayefunga mkataba mrefu lazima amuulize wakala wake wa forodha tarehe hiyo imefuatiwa na nini.

Mpaka mwembamba nao hukatika. Mwezi Aprili 2010 majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa takriban wiki moja. Maua yalioza Nairobi. Baadhi ya mizigo ilitua Hispania, ambako anga ilikuwa wazi, na kumaliza safari kwa malori hadi kaskazini. Mwezi Desemba 2020, Ufaransa ilipofunga mpaka wake na Uingereza kwa saa 48 kwa kuhofia aina mpya ya virusi vya corona, maelfu ya malori yalikwama mkoani Kent siku chache kabla ya Krismasi. Mara ya kwanza barabara iliokoa kilichoshindwa na ndege, mara ya pili barabara yenyewe ndiyo iliyofungwa.

Kwa nini basi tusiende London moja kwa moja?

Hapa ramani ina jambo la kushangaza. Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,650. Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,840. Tofauti haifiki kilomita 200. Kwa ndege inayotoka Afrika Mashariki, kwenda London badala ya Amsterdam ni suala la dakika 15 hivi za ziada. Kwa ua lililokwisha kushushwa Amsterdam, ni usiku mzima na mpaka mmoja.

Wakulima wakubwa wenye mikataba na supamaketi za Uingereza wanalijua hilo na ndiyo maana wengi wao hupeleka mzigo moja kwa moja. Wana mzigo wa kutosha, unaojulikana wiki nzima kabla, na mnunuzi anayeupokea uwanjani.

Mkulima mdogo anavutwa na Uholanzi kwa sababu nyingine. Pale Aalsmeer, si mbali na Schiphol, pana mnada wa maua ambao jengo lake lina zaidi ya mita za mraba 500,000. Mnada wake unakwenda kinyume na minada tuliyoizoea. Bei inaanza juu na kushuka kwenye saa kubwa, na wa kwanza kubonyeza ndiye aliyenunua. Siku hizi mnunuzi hahitaji hata kuwepo ukumbini, anabonyeza akiwa ofisini kwake. Kwa mwenye maboksi machache na asiye na mkataba, mnada huo una sifa moja isiyopatikana London: mzigo unaokubalika kwa ubora kwa kawaida hupata bei siku hiyo hiyo, hata kama bei yenyewe si ya kufurahisha. Kwa kuwa maua mengi yanakwenda huko, ndege nyingi zinakwenda huko, na kwa kuwa ndege ni nyingi, nauli ya kilo moja inashindaniwa. Wingi huvuta wingi. Ndivyo masoko yanavyofanya kazi, na kilomita 190 za ramani haziwezi kulibadilisha.

Anayetaka kwenda kujionea

Wapo wanaofunga safari kwenda kuonana na wanunuzi, hasa mwezi Novemba, wakati wa maonesho ya biashara ya maua huko Aalsmeer na Vijfhuizen. Baada ya hapo hufikiri kuruka hadi London kwa siku moja, kwa kuwa ni karibu. Wakumbuke kuwa viza ya Schengen iliyowaingiza Uholanzi haifungui mlango wa Uingereza. Viza ya Uingereza inaombwa peke yake, kwa ada yake na wiki zake za kusubiri, kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa mfanyabiashara wa Tanzania, hiyo ndiyo sehemu ndefu zaidi ya safari.

Mwenye viza zote mbili asikimbilie ndege bila kupiga hesabu. Kufika uwanjani saa mbili kabla, safari saa moja na dakika ishirini, foleni ya uhamiaji, kisha karibu saa moja ya treni kutoka Heathrow hadi katikati ya London. Jumla inakaribia saa tano. Treni ya Eurostar, iliyoanza kwenda moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi London mwaka 2020, inachukua kama saa nne kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine, na ukaguzi wa pasi unafanyika kituoni kabla ya kuondoka. Nauli hupanda na kushuka, kwa hiyo linganisha siku hiyo hiyo.

Na anayebaki nyumbani na kupiga simu tu, aangalie saa ya ukutani. Majira ya baridi Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa mbili na London kwa saa tatu. Majira ya kiangazi, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ni saa moja na saa mbili.

Bei mbili, mzigo mmoja

Turudi kwa mkulima na bei zake mbili. Namba zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tuseme Aalsmeer anaahidiwa senti 20 za euro kwa shina na London senti 24. Boksi lina mashina 400, basi London inampa euro 16 zaidi kwa kila boksi.

Kuvusha mzigo kuna gharama za aina mbili. Ya kwanza hufuata idadi ya maboksi, yaani lori na wapakuaji. Tuseme euro 6 kwa boksi. Ya pili haijali idadi: wakala wa forodha, hati, ada ya ukaguzi. Tuseme euro 150 kwa shehena moja, iwe na boksi moja au mia.

Mwenye maboksi 50 anagawa euro 150 na kupata euro 3 kwa boksi. Akiongeza 6 ni euro 9. Amebakiwa na euro 7 za faida kwa kila boksi, na London ni chaguo zuri kwake. Mwenye maboksi 10 anagawa euro 150 na kupata 15. Akiongeza 6 ni euro 21, wakati bei ya London imemwongezea 16 tu. Amepoteza euro 5 kwa kila boksi kwa kuifuata bei iliyo juu. Kwa namba hizi, mstari wa kutopata wala kukosa uko kwenye maboksi 15. Bado hatujahesabu siku moja iliyopungua kwenye uhai wa ua, ambayo mnunuzi wa London ataiona hata kama haijaandikwa kwenye ankara.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi anapotaja bei ni mahali bei hiyo inapopimwa. Je, ni bei ya mzigo ukiwa Nairobi kabla ya kupanda ndege, ukiwa umeshushwa Schiphol, au ukiwa umefika ghalani kwake na forodha imelipwa? Maneno mawili matatu ya mkataba yanayotaja mahali hapo ndiyo yanayoamua nani analipia kilomita 540 za barabara, na nani anabeba hasara lori likilala Calais. Mnunuzi mzoefu huyaandika kwa herufi ndogo na kuyapita haraka. Myasome pole pole, na kama hayapo, ombeni yaandikwe.

Kikundi chenye maboksi sita kinaweza kuuza Aalsmeer na kuridhika na senti zake 20. Au kinaweza kumtafuta jirani mwenye maboksi kumi yanayokwenda London siku hiyo hiyo, wakafungasha kwa kipimo kimoja, wakaandikisha shehena moja kwa jina moja, na kugawana zile euro 150.